Kiganja Juu ya Meza ya Visu

Mjane wa yule makanika alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, nje ya mlango wa vyumba vya upasuaji, na mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vya mumewe. Alipewa avishike siku ile mume alipoingizwa ndani, avishike kidogo tu, mwenyewe atatoka avivae. Na tangu walipomzika hajapata mahali pa kuviweka. Chini ya kitanda vilimnyima usingizi, kabatini vilimwita. Basi akawa anatembea navyo.

Inspekta alipofika karibu naye alipunguza mwendo. Kazini walimwita Kobe, kwa sababu ya mwendo wake na kwa sababu ya shingo yake, ambayo huichomoza pole pole kwenye kola ya koti anapotaka kusikia jambo vizuri. Jina alilijua na hakulichukia.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Huyo binti mmemfunga?"

"Yuko rumande. Leo mchana anapelekwa mahakamani."

"Basi humu unatafuta nini tena, baba?"

Kobe alijikuna kidevu. Lilikuwa swali zuri, na mkuu wake wa kituo alikuwa amemuuliza hilo hilo asubuhi, tena kwa sauti ya juu.

Kesi yenyewe kila mtu mjini aliona imeisha. Makanika yule aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe ili aondolewe figo moja, ya kulia, iliyokuwa imeoza. Akaondolewa ya kushoto, iliyokuwa nzima. Akabaki na ile mbovu peke yake, ikamuua katika siku chache tu. Picha ya eksirei, ambayo daktari huitazama kwenye taa ya ukutani kabla ya kushika kisu, ilikuwa imetundikwa nyuma mbele, kulia kukawa kushoto. Na aliyeitundika alijulikana: nesi mmoja mwembamba, mwepesi wa miguu, ambaye wenzake walimwita Kipepeo. Alikuwa amekiri. Maneno yake polisi yalikuwa matatu tu, na yalimtoka kwa taabu kwa kuwa ana kigugumizi akitishwa: "Ni-nilitundika mimi, afande." Baada ya hapo akafunga mdomo, na hata maji alikuwa anayakataa.

Hapo ndipo Kobe alipokwama. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewaona wengi wanaokiri, na mtu akishakiri hulia, au hujitetea, au huomba. Huyu alinyamaza kama mtu aliyebeba chungu kichwani, anayeogopa kugeuka.

"Vua viatu, afande," alisema koplo wake, mwanamke mfupi aliyeitwa Cherehani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alikuwa ameshavaa nguo za kijani za humo ndani, suruali imemzidi, ameikunja mpaka magotini. "Na hiyo kofia ivute masikio yaingie. Ee! Mama watoto akikuona hivyo atadai talaka leo leo."

"Funga barakoa yako, Cherehani."

"Nimefunga. Maneno yanapita tu."

Walianza na chumba cha mvuke, mwisho wa korido, ambako vyombo vya upasuaji huoshwa, hufungwa kwenye vitambaa na kuingizwa kwenye mashine kubwa inayovitakasa. Kulikuwa na joto la kubana kifua, maji yanatiririka kwenye kuta kama kuta zenyewe zinatoka jasho. Mama mtakasaji, mnene, mikono imebabuka hadi kwenye viwiko, hakuacha kufunga mikasi alipokuwa akiwajibu.

"Siku ile? Naikumbuka kwa sababu nilinung'unika. Waliniletea trei mbili kwa mgonjwa mmoja."

"Trei mbili ni ajabu?"

"Ajabu si mbili. Ajabu ni kwamba moja ilikuwa imelowa damu kama kawaida, na nyingine haikuwa na hata tone. Vyombo vinameta kama nilivyovipeleka. Nikasema, jamani, hawa wananionea. Mimi naungua huku, wao wanafungua vyombo wanavitazama kisha wanavirudisha."

"Uliuliza kwa nini?"

"Niliambiwa trei ilichafuka."

"Na nini?"

Yule mama akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Hilo sikuambiwa. Nami si kiherehere."

Cherehani alimkodolea Kobe macho, na Kobe akachomoza shingo. Mezani kuna vyombo visafi, hakijatumika hata kimoja. Ghafla vyote vinaondolewa, vinaletwa vingine. Jambo lilitokea pale kabla ya kisu, na katika maelezo yote waliyoandika kituoni hakuna aliyelitaja.

Daktari mpasuaji walimkuta chumba cha kupumzikia, amesimama dirishani, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Alikuwa pande la mtu, na sauti yake ndiyo iliyompa jina la Radi. Kobe alikuja akimshuku yeye. Mtu mwenye hasira, trei inaruka, vyombo chini. Picha kama hiyo ilimwingia akilini kwa urahisi mno, na pengine kwa sababu hiyo hakuiamini sana.

"Dokta, siku ile ulirusha trei?"

"Nilirusha mkasi. Mwaka juzi. Sista Mkuu alinifuata nje, akaniambia nikirudia nitajipasulia wagonjwa peke yangu, na manesi wote watakaa kwenye benchi wakinitazama. Sijarudia."

"Kwa hiyo trei ilifanya nini?"

Radi alikitazama kikombe chake. "Ilichafuka. Mambo ya kawaida."

"Nani aliichafua?"

"Ilichafuka tu."

"Dokta, wewe ndiye uliyekata."

"Mimi ndiye niliyekata," akasema, na radi haikuwemo tena katika sauti ile. "Unadhani ninalala? Nilitazama picha, nikakata. Andika hivyo. Ila trei... trei ilichafuka."

Walipotoka koridoni Cherehani alinong'ona, "Afande, hawa wamefundishana."

"Wamekubaliana. Na hata kufundishana hakukuhitajika. Umesikia? Mama wa mvuke, ilichafuka. Daktari, ilichafuka. Hii trei haina mtu."

"Labda wanamwogopa Radi."

"Radi mwenyewe anasema vivyo hivyo. Yeye anamwogopa nani?"

Cherehani alikunja suruali yake upya, akamfuata.

Chumba chenyewe cha upasuaji kilikuwa kidogo kuliko Kobe alivyokitegemea. Sakafu ya kijivu iliyosuguliwa mpaka ikapoteza rangi, kitanda chembamba katikati, taa kubwa ya duara juu yake, ukutani ile taa ya picha, tupu, ikiwaka mwanga mweupe usio na kazi. Baridi ilikuwa ya kuumiza meno. Nje ya mlango wa pili, kwenye machela, alilala mwanamke mzee aliyekuwa akisubiri zamu yake tangu alfajiri. Alikuwa akitazama dari.

Kobe aliwaomba wasimame kama walivyosimama siku ile. Radi akashika upande wa kitanda. Kichwani pa kitanda, kwenye kiti chake kirefu kando ya mashine ya nusukaputi, akakaa Babu Usingizi, mzee wa kulaza wagonjwa, mwenye nyusi nyeupe zilizochungulia juu ya barakoa. Na Sista Mkuu, kiongozi wa manesi wa humo ndani, akapanga vyombo vilivyotakaswa kwenye meza ndogo yenye magurudumu, kimoja kimoja, kwa vidole vya glavu, kwa namna ambayo mwanamke mwingine angepanga vikombe vya wageni anaowaheshimu. Alikuwa wa makamo, mnyoofu, macho mekundu.

"Kwa kawaida wewe hushiki vyombo," Kobe akamwambia. "Wewe ni msimamizi."

"Siku ile nesi wangu wa vyombo aliumwa. Nikavaa glavu mwenyewe."

"Na Kipepeo?"

"Alikuwa nesi wa kuzunguka. Hana glavu wala joho safi. Analeta, anafungua, anatundika picha, anashika faili."

Babu Usingizi akajisogeza. "Mwambie kuhusu kisimamo, Sista. Inspekta ajue humu hatukuwa wahuni." Alipoona Sista hasemi, akaeleza yeye. "Kabla huyu mama hajapewa uongozi, chumba hiki, mwanangu, kila mtu alikuwa kivyake. Daktari anafoka, nesi anatetemeka, mimi nasinzia. Wagonjwa tuliwapoteza kwa mambo ya kijinga. Yeye akaleta kisimamo. Kabla ya kisu, mikono yote chini. Kila mtu anasema yeye nani na anafanya nini, hata Radi. Faili linasomwa kwa sauti: mgonjwa nani, anakatwa nini, upande gani. Tulimcheka, tukasema hii ni shule ya chekechea. Baada ya mwaka tukaacha kucheka."

"Na asiyeweza kusema?"

Nyusi za mzee zilishuka. "Unajuaje kuna asiyeweza kusema?"

"Ninaye rumande."

Mashine ya nusukaputi ikavuta pumzi yake, ikashusha.

"Kuna kiganja," Babu akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Sista alikibuni kwa ajili ya yule yule binti, alipokuwa anashika vyombo, maana akifokewa ulimi unafunga fundo. Ukiwa na wasiwasi na huwezi kusema, weka kiganja wazi juu ya meza ya visu. Kisu hakitoki mpaka mwenye kiganja asikilizwe. Nimekiona kikiwekwa mara nyingi. Kimeokoa watu."

"Siku ile kiliwekwa?"

"Hapana," akasema Radi.

"Hapana," akasema Babu Usingizi.

Sista Mkuu alikuwa akinyoosha kitambaa cha kijani ambacho kilikuwa kimeshanyooka. "Hapana," akasema.

Kobe akafanya jambo alilokuwa akiliwaza tangu kwenye joto la chumba cha mvuke. Alisogea mpaka kwenye meza ya vyombo, akakunja mkono wa joho lake, akaweka kiganja chake, kitupu, chenye mistari na kovu la zamani, juu ya kitambaa kile kisafi, katikati ya visu.

"Afande, mkono!" Radi akanguruma.

"Toa, toa, toa!" Babu Usingizi alishainuka kitini. "Umechafua yote! Yote inaondolewa hiyo!"

Hata Cherehani, ambaye alikuwa na saa moja tu ya elimu ya chumba kile, aliziba mdomo kwa woga. Kobe hakutoa mkono. Aliacha wapige kelele mpaka kelele zikawaishia wenyewe. Chuma kilikuwa baridi chini ya vidole vyake.

"Mmesikia mlichosema?" akauliza pole pole. "Nimeweka kiganja juu ya meza ya visu. Mzee ameniambia sasa hivi maana yake. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeona nini."

Babu Usingizi akarudi kitini.

"Mwenye glavu akiweka kiganja, sawa, glavu ni safi," Kobe akaendelea. "Lakini nesi wa kuzunguka hana glavu. Na faili liko kwake. Sista, siku ile faili lilisomwa?"

Yule mama alikuwa hajapiga kelele. Kobe alikuwa amemtazama yeye tu muda wote ule, na alikuwa amemwona akiuangalia mkono kwenye meza kama anayemwona maiti amerudi mlangoni.

"Halikusomwa," Sista akasema.

"Sista," Radi akamkatiza. "Sista, usiseme."

"Acha, Dokta. Imetosha." Alivua glavu moja, akaikunja ndani ya nyingine. "Siku zote akizunguka yeye, kwa sababu ya ulimi wake, faili nasoma mimi. Siku ile nilikuwa na glavu, siwezi kushika karatasi. Tulikuwa tumechelewa. Nikasema, picha inasemaje? Dokta akatazama ukutani, akasema kushoto. Sote tukaitikia, kushoto. Mgonjwa tulishamlaza ubavu, alama aliyochorwa wodini imefunikwa na shuka. Kipepeo alikuwa nyuma yangu. Yeye ndiye aliyemleta kutoka wodini, waliongea njia nzima, ndivyo alivyoniambia baadaye. Akafungua faili."

"Akaona kulia."

"Akaona kulia. Akaona na kosa lake la picha pia, nadhani kwa wakati mmoja. Nilimsikia anahangaika, k-k-k, na Dokta akasema, nini tena huyo. Mara nikaona mkono mtupu umetua juu ya vyombo vyangu." Akaitazama meza. "Inspekta, mimi nimefundishwa tangu msichana kwamba mkono mtupu kwenye meza ile ni uchafu. Ukiniamsha usingizini nitakwambia hivyo. Sikuona kiganja. Niliona uchafu. Nilimkamata kifundo, nikamvuta, nikamwambia, umeniharibia meza, toka nje! Akawa ananionyesha faili. Nikamwambia toka. Mimi, niliyemwambia weka mkono, nitakusikia."

"Akatoka."

"Akatoka analia. Babu akanifungulia trei nyingine. Nikamwomba Dokta radhi kwa usumbufu." Hapo ndipo sauti ilipompasuka. "Nikamkabidhi kisu."

Radi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yake makubwa yakitikisika.

"Hatukupanga, afande," Babu Usingizi akasema. "Kila mtu alijiambia moyoni tu, akiondoka Sista, chumba kinarudi kule kule. Kipepeo naye akachukua kosa lake la picha, akalifanya ndilo kosa lote. Tukamwacha alichukue."

"Mmeshikamana," Kobe akasema. "Amewafundisha kushikamana, mkashikamana juu ya mtoto wa watu."

"Picha ni kosa, Inspekta," Sista akasema. "Sitamfutia. Lakini kosa lake lilikuwa na dawa. Dawa ilikuwa mkononi mwake, nami nikaitoa nje ya mlango." Akavua kofia yake. Nywele zilikuwa zimebanwa vibaya, za mtu aliyeacha kujitazama kwenye kioo. "Nilijidanganya kwamba nikinyamaza nalinda wagonjwa wanaokuja. Twende."

Kobe alitoa kiganja chake mezani. Kilikuwa kimeacha alama hafifu ya jasho kwenye kitambaa. Alifikiri juu ya mkuu wa kituo, na gari la mahabusu ambalo labda lilikuwa linawashwa.

"Cherehani, piga simu kituoni. Waambie yule binti asipandishwe gari mpaka nifike. Wakibisha, ongea."

"Kuongea, afande? Hapo umepata mtu," koplo akasema, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mlangoni Sista aligeuka. Mwanamke mzee kwenye machela alikuwa bado anatazama dari. "Huyu ni wa tumbo," akawaambia Radi na Babu. "Mwiteni nesi wa zamu ya pili ashike vyombo, na mwingine azunguke. Faili lisomwe na aliyelishika, hata akichukua kutwa nzima kwa neno moja. Na mwambieni anayezunguka kiganja si lazima mezani. Akiweke begani kwa daktari. Akiweke popote. Mkiguswa, simameni."

"Tutasimama," Radi akasema ukutani.

Koridoni mvua ilikuwa imeanza, inagonga bati bila haraka. Kobe alikusudia kupita moja kwa moja hadi kwenye gari, kwa sababu mambo ya benchi lile hayakuwa kazi ya polisi. Lakini Sista alisimama mbele ya mjane, kisha akakaa kando yake bila kualikwa, na kofia yake mkononi kama yule alivyokuwa na mfuko.

"Mumeo alimwambia aliyemleta kutoka wodini ni upande gani," akasema. "Njia nzima alijipapasa ubavu wa kulia, anatania, huku dada, msije mkanikosea. Kuna mmoja alimsikia. Akajaribu kutuzuia. Mimi nilimfukuza chumbani."

Mjane alimtazama muda mrefu, jicho kwa jicho, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika.

"Kumbe alisema," akanena mwisho. "Nilikuwa nadhani labda hakusema. Mume wangu mtu wa aibu. Nikawa namlaumu kaburini, kwa nini hukusema."

"Alisema, mama."

"Na huyo aliyemsikia yuko wapi?"

Sista aliinamia kofia yake. Kobe ndiye aliyejibu, shingo imeingia yote ndani ya kola. "Ndiye tuliyemfunga."

Mjane aliushusha mfuko wa viatu kutoka mapajani, akauweka sakafuni katikati ya miguu yake, polepole, soli zikagusa chini kwa sauti moja.

"Mtoeni," akasema. "Mleteni hapa aniambie alichosema mume wangu, neno kwa neno. Na asiharakishwe. Mimi nitangoja."